Domitila na Dungu la Mama Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, Domitila anavuna mpunga kando ya kijiji cha Mofu. Anakata suke kwa suke kwa kisu kidogo, mgongo umepinda. Juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, mama mkwe wake, Bi Apolonia, anarusha mawe kwa kombeo kufukuza ndege.

“Mwali,” anaita bibi huyo, “maji ya kunywa.”

Mwali mwenyewe ana miaka arobaini na minne, na mjukuu wa wiki tatu. Anaweka kisu chini, anapeleka maji. Kabla hajakishika tena, Tekla, mke wa mwanawe na mzazi wa juzi, anaita kutoka nyumbani: “Bibi, mtoto analia na moto umezimika.”

“Umesikia?” Domitila anamwuliza mwandishi wa gazeti aliyemtembelea shambani. “Huku mwali, kule bibi. Kwenye kupumzika sina jina.”

Mumewe Valeriani na mwanawe wako kwenye mkonge Kilosa tangu mwishoni mwa mwaka jana. Shamba ni ekari mbili. Mavuno ya mwaka huu wa 1956 yamefika nusu, na ndege hawangoji. Goti lake la kulia limevimba. Mganga wa zahanati alimwambia akae wiki mbili. Domitila alicheka mpaka mganga akakasirika.

Kazi ya kukaa ipo, ni ya dunguni, na katika nyumba hii hukaa mkubwa. Bi Apolonia anakaribia sabini na hupanda ngazi bila kushikwa mkono. Domitila aliwahi kuomba wabadilishane siku moja tu. Akaambiwa mwali hakai juu ya kichwa cha mkwe.

“Shikamoo bibi. Wewe ulianza kupanda dunguni lini?” mwandishi anamwuliza Bi Apolonia.

“Marahaba. Tulipomzika mama mkwe wangu.”

Domitila anasonya. “Simwombei kifo, ni mama yangu. Lakini nikingoja zamu hiyo, nitapandishwa nimebebwa. Wanasema utu uzima dawa. Mbona wanaoinywa ni wengine?”

Sasa anajenga dungu la pili, upande wa mtoni. Miti minne ameshaikata, imelala kwenye tuta. Jirani yake Ildefonce atachimba mashimo Jumamosi. Tekla akitimiza siku arobaini atashika kisu, na Domitila atapanda na goti lake.

Bi Apolonia ameiona miti. “Mwali, kuni hizo zipeleke nyumbani.”

Domitila anakwenda kwenye tuta, anaikalia miti yake, ananyoosha mguu.

“Andika, bwana,” anasema kwa sauti ya kufika dunguni. “Hizi si kuni.”