Yule Mwanamke wa Chini

Nafanya kazi kwenye duka la fremu za picha, Markham, jirani na Toronto. Bosi wangu ni Mhindi mzaliwa wa Dar, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Juzi mteja alileta picha ya Waingereza wa zamani, moja ya zile zilizochapishwa kuwacheka watu. Ni sherehe mtaani. Mlevi anacheza na mbuzi, kibaka katia mkono mfukoni mwa mchungaji, na chini kabisa mwanamke kaanguka, gauni limefunuka, watu wanamkanyaga. Dirishani mzee mmoja anacheka.

"Ile karatasi nene ya kuzungushia picha ikate pana, mama," bosi akaniambia. "Huyo wa chini mfunike."

"Mbona mchoraji kamweka?"

"Awachekeshe watu, basi."

Nikachukua rula. Huyo mwanamke nimeshawahi kuwa mimi.

Kiangazi cha mwaka juzi, kwenye sherehe ya mtaani hapa Toronto, watu walisukumana nikaanguka. Dera likapanda, wakanipita juu. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa hatua tatu tu. Badala ya mkono akatoa simu, akanipiga picha. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, watani tangu mababu. Kisha umati ukamsomba, akadhani nimeinuka.

Jioni niko hospitali, mfupa wa nyonga una ufa, picha ikaingia kwenye kundi la familia: "Mzaramo ngoma imemshinda, kalala." Dada yangu, wa tumbo moja, akaandika hahaha mstari mzima.

Na mimi nikaandika: "Hahaha. Tutaonana matangani kwako, nitacheza juu ya jeneza." Maana mtani hanuni.

Basi hakuna aliyekuja kunitazama. Nilipokwenda kwao Etobicoke nachechemea, nikasema nimeteleza bafuni.

Shemeji alinikosea. Dada alinikosea. Nimewachukia wote wawili miaka hii, huku nakula pilau yao, kwa jambo ambalo sikuwaambia.

Ile karatasi niliikata nyembamba. Mwanamke akaonekana mpaka vidole vya miguu. Bosi akaguna, mteja akaichukua hivyo hivyo. Mimi nikakaa kwenye kiti cha nyuma, nikamwandikia dada: "Siku ile nilivunjika nyonga."

Kisha akajibu: "Sasa mbona ulicheka, mdogo wangu?"

Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta.