Nilimpeleka Mama Mdogo Atolewe Damu kwa Jina la Mama

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa usije ukadhani natafuta huruma. Lakini sikukosa peke yangu, na wenzangu nitawataja, maana leo wanapita barabarani wanacheka kama hawajafanya kitu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa mpunga huku Kiberege. Shule niliishia darasa la nne. Mama yangu mzazi nakaa naye mimi.

Baba alipofariki, mama akawa anamwota kila mara. Kaka yangu Kasto akampeleka kwa mganga. Mganga akampa mwiko: nyama asile, samaki asile, mayai na maziwa asiguse. Mama akaushika ule mwiko kama amri ya kanisani. Miaka sita! Wali na mlenda, wali na matembele. Samaki wanapita mlangoni kwenye baiskeli, yeye anageuza uso.

Kisha miguu ikaanza kumwaka moto, halafu ikafa ganzi. Akawa anayumba kama mlevi. Akili nayo ikahama. Anakula, ananawa, anatoka nje kuwaambia wapita njia, "Humu ndani hawanipi chakula!" Jamani, aibu niliyoipata!

Ndipo wakaja watafiti. Mwenyekiti wa kitongoji akatangaza kwamba ni madaktari wa akili. Wengine wataongea na mabinti shuleni, wale wanaojinyima kula mpaka wanakonda. Wengine wanataka wazee wanaosahau, wawapime damu waone kama mwili umepungukiwa vitamini. Jina la mama likaandikwa.

Kasto akaja mbio. "Madaktari wa vichaa hao! Mama akisimama pale mbele za watu aseme hapewi chakula, nani atakuja kuoa kwako? Binti zako watakuozea ndani."

"Sasa tufanyeje, kaka?"

"Si yupo mama mdogo Agripina? Mama mdogo si mama? Sura moja, na wale ni wageni, hawamjui."

Hapo ndipo nilipopotea. Nikajiambia kweli, mama mdogo ni mama. Nikamfuata kijijini kwake, Mkula. Agripina alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo nikawe mgonjwa wa akili siku moja? Haya, niazime kanga nzuri."

Siku yenyewe mama nilimfungia ndani kwa kufuli. Mama yangu! Kwa kufuli!

Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Leo ni siku gani, bibi?"

"Alhamisi. Kwani na wewe umesahau?"

Watu wakacheka, na majirani waliomjua mama hakuna aliyetaka kutuumbua. Damu ikatoka, kichupa kikaandikwa jina la mama. Majibu yalipokuja, karatasi ilisema vitamini ziko sawa kabisa. Agripina akajisifu, "Mimi nakula kambale na kichwa chake!"

Haukupita muda mama akaanguka uani. Tukampeleka hospitali, Ifakara. Daktari akamgonga magoti, akamchoma nyayo kwa kitu chenye ncha, mama wala hashtuki. Akauliza kama ana vipimo vya nyuma. Kasto akatoa ile karatasi.

Daktari akaisoma mara mbili. "Nilidhani ni upungufu wa vitamini," akasema, "lakini hapa yuko vizuri. Basi huu ni uzee wa ubongo."

Neno lilinifika kooni. Kasto akanikanyaga mguu chini ya benchi. Nikalimeza! Nikalimeza, nikarudi nyumbani na mgonjwa wangu na vidonge vya kumtuliza.

Tangu tulipopanda mpunga mpaka tukavuna, mama aliisha machoni pangu. Akaacha kutembea. Akawa ananiita dada.

Siku moja pikipiki ikasimama uani. Yule muuguzi! Anawafuatilia wazee wake. Kasto alikuwepo, akawahi, "Bibi kaenda Mkula kusalimia."

Kutoka chumbani ikaja sauti, "Nani huyo? Mwambieni sijala!"

Binti akanitazama. "Mama, huyo ni nani?"

"Mgonjwa mwingine tu," akadakia Kasto.

"Samahani baba, namuuliza mama."

Nikasema, "Huyo ndiye mama yetu."

"Na yule niliyemtoa damu?"

"Mama mdogo," nikasema, nikamweleza na yale ya Ifakara. Binti akakaa palepale kizingitini, akajishika kichwa. "Mama, daktari hakumpa dawa inayomfaa kwa sababu ya damu ya mtu mwingine."

Mama akapimwa upya. Ile vitamini inayotunza mishipa ya fahamu, inayopatikana kwenye nyama na samaki, ilikuwa imekwisha mwilini. Dawa yake sindano. Sindano tu, ndugu yangu! Baada ya wiki kadhaa akaniita kwa jina langu. Miguu haikurudi. Daktari alisema tumechelewa.

Akili ilipomkaa sawa, mama aliniuliza, "Ulinifungia, nikakusikia unaondoka na Agripina. Ulikuwa unanionea haya?"

"Ndiyo, mama."

Hakunilaani. Alisema, "Haya, nisogeze juani." Afadhali angenipiga!

Kasto ndiye aliyempeleka mama kwa mganga na ndiye aliyeleta hila, na kumbeba mama kwenda msalani hajawahi hata siku moja. Agripina hakanyagi tena kwangu. Mganga bado anagawa miiko. Na hao binti zangu niliosema nawalinda, mkubwa ananipa shikamoo huku anatazama pembeni.

Wewe mwenye mzazi ndani, usimfiche. Akiitwa, mtoe yeye mwenyewe, na harufu yake, na maneno yake ya kukuaibisha. Na kama umeshadanganya, sema ungali kwenye benchi la daktari, hata ukikanyagwa miguu yote miwili. Mimi nilinyamaza dakika moja tu, na mama yangu sasa anatambaa.