Gazeti la Ukutani la Siku ya Kufunga Shule

Siku moja kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya baridi, Mzee Gundi aliamka na kinyongo, akaenda nacho jikoni. Akawasha jiko la binti yake bila kuomba ruhusa, akateleka maji, akaanza kukoroga unga wa ngano ndani yake.

"Unapika uji, baba?" binti yake aliuliza. Alikuwa muuguzi wa zamu ya asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Napika gundi."

"Gundi si inauzwa dukani, kwenye vichupa?"

"Ile ya dukani ni mate ya konokono. Hata bahasha haishiki."

Binti alishazoea. Tangu baba yake ahamie kwake alikuwa amesikia ubovu wa mkate wa siku hizi, wa viatu vya siku hizi, wa madaktari wanaoandika bila kumtazama mgonjwa, na wa watoto wanaopita mbele ya mtu mzima kimya kama paka. Mengi yalikuwa kweli, lakini hata kweli ikiletwa mezani kila siku huchosha tumbo.

Mzee huyu hakuvuka darasa la nne. Baba yake, mpagazi wa stesheni, aliumia mgongo, na kijana akapelekwa kufagia katika kiwanda cha chapa. Huko herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, zikipangwa kwa mkono moja baada ya nyingine, na zikisomwa kinyumenyume. Akajifunza kusoma hivyo, kinyumenyume kwanza, sawasawa baadaye. Akasoma kila kilichopita mezani: matangazo ya misiba, vitabu vya hesabu, hotuba za mabwana wakubwa, maelezo ya dawa za mifugo. Akawa mpanga herufi, na kwa ukali akawashinda wote. Kisha zikaja mashine, na siku moja akasimama uani akatazama herufi zake zikimwagwa kwenye lori kama kokoto, zikauzwe chuma chakavu. Toka siku ile alizungumza na kila mtu kana kwamba ndiye aliyeliendesha lile lori.

Marehemu mkewe, aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza, ndiye aliyempeleka shuleni, kwa kuchoka kumwona amenuna sebuleni. "Wafundishe watoto gazeti," alimwambia, "nami nipate kupumua." Basi likaanza gazeti la ukutani: karatasi kubwa za manila zilizounganishwa, habari zikiandikwa na watoto kwa mkono, zikabandikwa kwenye ukuta wa ukumbini, mkabala na mlango, pahali ambapo hakuna anayeingia bila kuliona. Mke alikufa, gazeti likabaki. Kusema kweli, ndipo mahali pekee palipombakia ambapo mtu alikuwa akimngojea.

Gazeti lilikuwa na sheria zake, naye alizishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Ya kwanza, habari haiandikwi mpaka ionwe na macho manne, yaani watoto wawili, waone wenyewe, si kuambiwa. Ya pili, kila aliyeandikwa huachiwa pambizo, ule weupe wa kando ya karatasi, upana wa vidole viwili, ajibu kwa mkono wake mwenyewe, lolote atakalo, na hapana mtu wa kumfuta. Sheria hiyo ya pili aliitoa kiwandani, kwa msahihishaji mmoja wa zamani aliyekuwa akisema kwamba mtu akichapwa bila nafasi ya kujibu, huyo hakuandikwa habari, amepigwa.

Alipofika shuleni na sufuria yake ya gundi, watoto wawili walikuwa wamekwishatandaza karatasi sakafuni mwa ukumbi. Mmoja alikuwa msichana wa darasa la sita waliyemwita Mhariri, mwembamba, mwenye macho ya karani wa mahakama. Mwenzake aliitwa Golikipa, kwa sababu alikuwa golikipa, ingawa baada ya mechi ya juzi wengine walianza kusita.

"Shikamoo babu," alisema Mhariri.

"Marahaba. Angalau wewe bado una mdomo. Haya, someni."

Wakasoma. Kwaya ya darasa la tatu itaimba kesho. Makoti ya kuwagawia wasio nayo yamekusanywa, yamejaa chumba cha muziki, na moja lina panya. Paka wa shule amezaa ndani ya kabati la ramani. Timu ya mpira imefungwa mabao matano. Pambizoni mwa habari hiyo Golikipa alikuwa ameshajibu: *Jua lilikuwa machoni.*

"Mechi ilichezwa saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Asubuhi, babu. Kulikuwa na mawingu," alisema Mhariri.

"Pambizo ni langu," alisema Golikipa. "Naandika nitakalo."

"Ni kweli, ni lako," alisema mzee. "Jiaibishe tu. Kuna lingine?"

Lilikuwepo. Mhariri alilisoma bila kupandisha wala kushusha sauti. Choo cha wasichana hakina mlango tangu shule ilipofunguliwa muhula huu. Wasichana huenda wawili wawili, mmoja akishika koti mlangoni. Upepo ukivuma koti huruka, na wavulana wa darasa la tano hucheka.

Mzee Gundi aliinama akaisoma tena mwenyewe. Hii sasa ilikuwa habari. Akaipaka gundi kwa mkono wake na kuiweka katikati kabisa, juu ya kwaya.

Wakati huo huo mwalimu mkuu akapita. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye sauti iliyopigwa pasi. Zamani alisoma shule hii hii, na mara ya kwanza alipoandika kwa kalamu ya wino mzito, mkono wake uliongozwa na mkono wa huyu mzee, kwenye sakafu hii hii. Alisimama, akasoma, uso ukambadilika.

"Mzee wangu, tuzungumze kidogo."

"Zungumza. Masikio ninayo."

Akamvuta pembeni mwa ukumbi, lakini si mbali. Watoto wakakaa kwenye benchi la karibu, wakisikiliza kama wasiosikiliza.

"Kesho ni siku ya furaha," alisema mwalimu mkuu. "Watakuja wazazi, na wafadhili pia. Wale ndio watakaotuletea skrini ya matangazo, iwekwe pale ukutani. Naomba habari ya choo iondolewe. Fundi ameshaambiwa."

"Ameambiwa lini?"

"Ameambiwa."

"Na skrini mtaiweka pale pale penye gazeti?"

"Gazeti tutalitafutia mahali. Karibu na jikoni, labda. Ila tuelewane: likibandikwa na kile choo, hakuna haja ya kulitafutia mahali popote."

Basi mzee akaelewa. Akiitoa habari ya choo, gazeti litaponea jikoni, kati ya masufuria. Akiiacha, kesho ndio mwisho wake. Mtu mwingine angeliwaza jambo hilo usiku kucha. Yeye alilijibu papo hapo, kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushindana na mashine.

"Wewe si mwalimu," alimwambia. "Wewe ni sanamu la dukani. Umevalishwa, umesimamishwa kwenye kioo, na kazi yako ni kutazamwa na wapita njia. Wasichana wanakojoa kwenye upepo, wewe unawatandikia wafadhili zulia. Mke wangu angekuona leo angeona haya kwamba alikufundisha."

Mwalimu mkuu aligeuka, akaingia stoo ya vifaa vya michezo, akafunga mlango. Mzee akarudi kwenye gundi yake akijiona ameshinda, na gundi ilikuwa imepoa na kushika mabonge.

Jioni binti yake alirudi na simu mkononi, hata koti hajavua.

"Baba, umeingia kwenye kundi la wazazi."

"Mimi sina simu ya kuingilia mahali."

"Umeingizwa. Hapa nusu wanakusifu, nusu wanataka ufukuzwe, na mmoja anauliza koti lililopotea la mwanawe. Kweli ulimwita mwalimu mkuu sanamu?"

"Nilimwita anavyostahili."

"Ingekuwa ni mimi kazini, mzee wa watu akaniita hivyo mbele ya wagonjwa?"

"Wewe ungekuwa umeshatia mlango chooni."

Binti akaweka simu mezani, uso chini. "Siku hizi hata ukiwa na haki hutaki mtu akufurahie," alisema, akaenda kubadili nguo. Mzee akala peke yake, akilaumu chumvi.

Siku ya kufunga shule aliwahi kabla ya wazazi. Ukumbi ulinuka sabuni na makoti ya watu wengine. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi nyuma ya pazia, ikirudia ubeti mmoja na kukosea pale pale. Mhariri na Golikipa walimngoja kando ya karatasi, na katikati yake, chini ya habari ya choo, palikuwa na kikaratasi kipya ambacho yeye hakukibandika.

Akavaa miwani. Kiliandikwa hivi: *Jana Mzee Gundi alimwita mwalimu mkuu sanamu la dukani, mbele ya watoto. Mwalimu mkuu aliingia stoo akakaa juu ya magodoro ya mazoezi akalia.* Kando palikuwa na mapambizo mawili, moja lake, moja la mwalimu.

"Hii ni nini?"

"Habari, babu," alisema Mhariri.

"Nani kaona?"

"Sisi wawili. Tulimsikia babu. Kisha tukaenda kurudisha mipira, tukamkuta analia."

"Hiyo si habari. Hayo ni mambo ya watu wazima. Itoeni."

Watoto hawakusogea. Golikipa alitazama viatu vyake. Mhariri alimtazama mzee.

"Mwalimu mkuu naye alisema choo kitolewe," alisema.

"Usinifananishe na yule."

"Sikufananishi, babu. Nasema tu alisema."

Mzee aliinua mkono kukibandua. Ukucha ulishaingia chini ya kona, na kingetoka kwa urahisi. Lakini aliyemfundisha huyu mtoto kwamba kilichoonwa na macho manne hakibanduliwi ni nani? Alimchukia Mhariri wakati ule kwa chuki safi, kama mtu anavyochukia kioo. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Shika upande ule," alimwambia Golikipa. "Na usiache mikunjo. Mmeshindwa kuzuia mpira, zuieni karatasi."

Wakalibandika gazeti lote, pamoja na choo, pamoja na sanamu.

Wazazi walifika wakipukuta baridi mabegani. Wengine walipita wakiwa na simu masikioni, bila kuamkia mtu, ndiyo adabu ya sasa. Lakini mmoja alisimama, akasoma, akamwita mwingine, na punde ukuta ukajaa migongo. Kwenye habari ya choo baba mmoja alisema, "Binti yangu alikuwa akirudi nyumbani mbio kila siku, nikidhani ni tumbo." Kwenye ile ya sanamu wakacheka, na kicheko hicho kilimfurahisha mzee zaidi ya ilivyompasa.

Kisha migongo ikapisha. Mwalimu mkuu alikuwa amekuja na wafadhili wawili waliovaa skafu zinazofanana. Akasoma mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Wafadhili nao wakasoma. Hapana aliyecheka tena.

"Nipe kalamu," alimwambia Mhariri.

Mzee alijua kalamu ile angekataa kuitoa mahali pengine popote duniani. Hapa pambizo lilikuwa la mwalimu. Mwalimu mkuu akainama, akaandika pambizoni kwa mwandiko mzuri, ulionyooka, aliofundishwa zamani:

*Mlango utatiwa likizoni, nitausimamia mwenyewe. Nililia kwa sababu aliyesema ndiye aliyenifundisha kuandika. Baada ya likizo hataingia shuleni hapa.*

Akarudisha kalamu, akawaongoza wageni wake kwenye viti vya mbele. Kwaya ikaanza, ikakosea pale pale.

Mzee Gundi aliichukua kalamu akageukia pambizo lake. Aliandika muda mrefu. Aliandika kuhusu skrini, kuhusu watu wasiosoma mpaka kitu kiwake taa, kuhusu lori la chuma chakavu, kuhusu shule zilizokuwa na mabati mabovu na walimu wazuri, na zilivyo leo. Herufi zikazidi kuwa ndogo, zikashuka chini, zikapinda kona, zikaingia hadi kwa paka na watoto wake. Kwaya ilimaliza, makofi yakapigwa, zawadi zikagawiwa, watu wakaanza kutoka na watoto wao na mabegi yao. Hapana aliyesimama kusoma. Mwandiko ulikuwa mdogo mno, na nje baridi ilikuwa ikizidi.

Mhariri peke yake alisoma yote, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, kama mtu aliyeangusha kitu njiani.

"Babu, umeandika lori. Kuhusu lile la sanamu hujaandika kitu."

"Nimeandika yanayotosha."

"Kwa hiyo ulisema, au hukusema?"

"Nilisema. Si mlinisikia?"

"Na bado unasema ni sanamu?"

Mzee alitazama kule mbele. Mwalimu mkuu alikuwa amepiga magoti, akimfunga mtoto mdogo vifungo vya koti la msaada, na mtoto alikuwa akimpiga teke la gotini kwa kutotaka. Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na msichana alikuwa akilingojea kwa uso wa mtu asiyejali litakuwa lipi.

"Bado," alisema.

Mhariri akaitikia kwa kichwa, akafungua kalamu, akatafuta mahali peupe palipobaki, akaanza kuandika. Mzee hakungoja kusoma. Alivaa kofia yake, akatoka nje bila kumuaga mtu.