Inawasha Kidogo Tu

Umewahi kujikuna mpaka damu ikatoka, na bado mtu akakuuliza kama huwa unaoga? Gicheru aliulizwa hivyo kila mara pale Majengo, Nyeri, alikokuwa akikanda unga wa mandazi katika hoteli ya Salim. Mikono yake ilikuwa imepasuka kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Wateja wakaanza kusukuma sahani kando, na mwishowe Salim akamwita uani.

"Ndugu yangu, mimi sikufukuzi. Lakini watu wanakula kwa macho. Nenda hospitali. Daktari akisema haiambukizi, nitasimama mlangoni nimwambie kila anayeingia. Akisema inaambukiza, nifanyeje?"

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru tulikuwa tumeapa kupigana na ujinga, umaskini na magonjwa. Vita vyenyewe Gicheru alivikuta hospitalini, kwenye benchi moja refu, watu wamebanana, kila mmoja akijikuna kwa siri kama mwizi.

Aliyeanza kusema alikuwa Ngendo, mama mzee mchuma chai kutoka Kangari.

"Yangu hungoja nipate joto kitandani," alisema. "Hapo siafu wanaanza kurudi kwao, na kwao ni mgongoni mwangu."

Benchi zima likacheka.

"Yangu ni thabai, cucu," akasema Gicheru. "Kama mtu amechukua yale majani yake mabichi yanayochoma akayasugua chini ya ngozi, pale kucha hazifiki. Nikijikuna nasikia utamu mpaka meno yanauma. Halafu moto. Kuna siku nilitumbukiza mikono kwenye maji ya moto, ati iungue nipumzike."

"Huanza lini?"

"Nikishaosha sufuria kwa magadi. Jumapili nisipofanya kazi, hutulia."

"Basi mwambie daktari hivyo hivyo, mwanangu. Usiseme tu inawasha. Hata kiroboto anawasha."

Alipoingia, daktari alikuwa akiandika bila kuinua kichwa. Kando yake alisimama muuguzi, Wachuka, msichana wa kijiji chao. Kaka yake alitahiriwa pamoja na Gicheru, asubuhi moja, kando ya mto mmoja. Siku ile ya baridi kali Gicheru hakupepesa hata jicho, na wanakijiji hawakuacha kuisimulia. Sasa aseme nini mbele ya msichana huyu? Kwamba ngozi imemshinda? Kwamba hulia peke yake?

"Inawasha?" daktari akauliza.

"Kidogo tu."

"Na usiku?"

"Kidogo. Ni kitu cha kuvumilia."

"Huyu ni mwanamume wa kwetu, daktari," Wachuka akatabasamu. "Hawa hata kisu hawakisikii."

Daktari akatupia vidole jicho moja. "Upele. Jipake dawa hii, na usiguse chakula cha watu. Unaambukiza."

Hakumwambia akunje mikono ya shati. Hakumuuliza kazi yake. Nani alimfundisha kwamba mgonjwa ni ngozi isiyo na ulimi? Na nani alimfundisha Gicheru kwamba kuvumilia ni kunyamaza? Wote wawili walikosea, lakini aliyelipwa kusikiliza alikuwa mmoja.

Nje, Ngendo alimuuliza, "Ulimwambia ya thabai?" Gicheru akapita, akivuta mikono ya shati ifunike vidole.

Hakujua kudanganya. Jioni alimweleza Salim maneno ya daktari yalivyokuwa. Salim akainamisha kichwa. "Kalale, ndugu yangu. Tutaongea kesho."

Asubuhi yake Gicheru alifika mapema, kabla ya mteja wa kwanza. Jikoni akamkuta Yakubu, mpwa wa Salim, mikono imezama kwenye unga. Uani, Salim mwenyewe amepiga magoti, akisugua kwa majivu na maji ya moto lile karai ambalo Gicheru alikuwa akikandia. Alipomwona, alimsalimu kwa kichwa bila kumpa mkono, akaendelea kusugua.