Migomba ya Mistarini

Watu wa mjini Kasulu walipaita kwetu Mistarini, na hawakupaita hivyo kwa mapenzi. Miaka ile ya sabini tulihamishwa kutoka vilimani, tukapimiwa viwanja kwa kamba nje kidogo ya mji, nyumba zikitazamana kama watoto wa shule kwenye paredi. Tuliambiwa tumeletwa karibu na maendeleo. Maji hayakutufikia. Kilichotufikia kutoka mjini ni mbuzi wao, waliokuja kula mahindi yetu.

Tukienda sokoni tulikuwa washamba. Tukirudi kilimani kwetu Heru Juu kuchimba mihogo tuliyoiacha, jamaa wachache waliobaki walituita watu wa mjini, wakangoja tuwape sabuni. Hadi leo mtu akiniuliza nilikulia mjini au shamba, nachoka kabla sijajibu.

Kilichotushinda hasa ni kuonekana. Kilimani nyumba ilikaa katikati ya migomba yake. Jirani ulimsikia akikohoa lakini hukujua anakula nini. Mistarini, upande mmoja tulikuwa na watu waliohamishwa kutoka Titye, na ng'ambo ya barabara mwenye duka aliyetoka Ujiji na mkewe, mlango wao ukitazama wetu. Kila mtu aliiona sufuria ya mwenzake. Hata salamu zetu, zile ndefu za kupiga makofi taratibu na kuulizana mpaka habari za ndama, zilianza kukatwa, maana ukimsalimu hivyo kila unayemwona hufiki kisimani.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuzikata. Wala hakupanda mgomba hata mmoja, na jambo hilo ndilo lililomkosesha baba raha. Kwetu, mtu huzikwa kwenye migomba ya nyumba yake. Babu alilala Heru Juu, katikati ya migomba aliyoipanda yeye na bibi, na nafasi ya bibi ilikuwa pale ubavuni pake.

"Nikipanda hapa, mtanizika hapa," alimwambia baba.

Akapanda maharage, maboga, viazi. Vitu vya kuvuna na kuondoka. Balozi wa nyumba kumi alipita akiuliza kwa nini kiwanja chetu kiko wazi wakati wenzetu wameshaanza kupata kivuli. Baba akasingizia udongo. Alikuwa amechoka kubishana na serikali mchana na mama yake jioni, na nadhani bibi alimwonea huruma, lakini hakulegeza kamba.

Kisha bibi akapatwa na kifua, akalazwa hospitalini, na mama akaenda kumuuguza. Mke wa mwenye duka akatuchukua sisi watoto tuwe tunakula kwake. Alikuwa mwanamke mwema, hilo nalisema wazi, ingawa kwa miaka mingi nilitamani angekuwa na roho mbaya. Akiwa mlangoni pake alikuwa akikitazama kiwanja cha mwanamke mzee asiye na mtu wa kumlimia, ndivyo alivyodhani, na kilimtia huruma. Siku moja tukiwa shuleni na baba akiwa hospitalini alinunua miche ya migomba sokoni, akaipanda nyuma ya nyumba yetu kwa mikono yake mwenyewe, akaimwagilia maji aliyoyabeba kichwani.

Bibi aliporudi akiwa ameshikwa mkono na mama, jirani alikuwa anamngoja.

"Shikamoo, bibi. Nimekupandia migomba. Ukipona kabisa utakuta imeshika."

Bibi aliitazama miche ile. Halafu akapiga makofi taratibu, kama adabu inavyotaka, akasema, "Wakoze." Jirani alikuwa ameshajifunza kuwa hiyo ni asante ya Kiha, akafurahi sana.

Ndani, bibi alimwambia baba ang'oe.

"Mama, nitang'oaje zawadi mbele ya macho ya aliyeitoa?" baba alisema. "Mlango wake ule pale."

Kilimani angeing'oa, na asubuhi angesema nguruwe pori wamepita. Mistarini hakukuwa na mahali pa kuficha jembe. Bibi alilijua hilo kuliko sisi, hakuomba tena. Tangu siku hiyo aliipalilia, kwa sababu kazi iliyoonekana na wote haikuweza kuachwa, na jirani akawa anampungia mkono kutoka dukani. Sikuwahi kumwona mtu akipalilia kwa uchovu ule.

Alifariki masika, migomba ikiwa imemzidi kimo. Baba alitoka alfajiri kwenda kutafuta wanaume wa kilima chetu, waliokuwa wametawanywa vijiji mbalimbali, wamsaidie kumbeba mpaka Heru Juu. Alirudi na wawili. Nyuma ya nyumba wanaume wa Titye walikuwa wameshachimba mpaka kifuani. Hakuna aliyewaagiza. Walikuwa Waha kama sisi, waliijua mila sawasawa, na walipoona migomba hawakuwa na haja ya kumuuliza mfiwa. Mwenye duka alikuwa nao shimoni, matope mpaka magotini. Baba akasimama ukingoni mwa kaburi, akawashukuru. Nilimkasirikia baba, nikawakasirikia wote, na hakukuwa na hata mmoja wa kumlaumu.

Baadaye amri zilipolegea, watu wakaanza kurudi vilimani kimyakimya. Wa Titye waliondoka. Mwenye duka naye akarudi Ujiji, na mkewe alikuja kutuaga akilia kwelikweli. Baba akanoa panga, akaanza kuzungumza habari za kwenda kufyeka mashamba ya Heru Juu.

"Nendeni," mama alimwambia, akilitazama kaburi la bibi. "Mimi simwachi huyu mama hapa peke yake."

Baba hakuzungumza tena habari hizo. Tukabaki Mistarini, familia nzima, kwa ajili ya mtu pekee kati yetu aliyekataa kuhamia.