Daktari Ndelilio Haongezi

Siku Tabitha alipoonana na Daktari Ndelilio kwa mara ya kwanza, alimpima kama anavyowapima wachuuzi wanaopanda Masama kununua ndizi zake: anayeanza chini, ujue mfukoni anazo zaidi.

Mjukuu wake alikuwa njiti, amezaliwa kabla ya siku zake, mwepesi kuliko kichane cha ndizi, na alilazwa kwenye oksijeni katika hospitali moja mjini Moshi. Damu ilikuwa imempungukia. Kila mara alisahau kupumua mpaka nesi amkune wayo. Stella, mama wa mtoto, alikataa aongezewe damu mpaka Tabitha, mama yake, aseme neno.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Haya, ukimwekea hiyo damu tunapata nini?”

“Kusahau kupumua kutapungua, hilo nalitegemea. Oksijeni ataendelea nayo, mapafu bado machanga. Uzito siuahidi. Na huenda akahitaji damu tena.”

Tabitha akacheka. “Mbona unaanza chini hivyo? Ongeza kidogo. Tuseme oksijeni inatoka Jumapili.”

“Siongezi, mama.”

“Basi itoke nusu!”

Nesi aliangua kicheko. Ndelilio hakutikisika. Alilelewa Machame na mama mfuga ng'ombe. Majirani wakiuza ng'ombe walitaja maziwa ya masika, majani yakiwa tele. Mama yake alitaja ya kiangazi, na ukimbana anayarudia yaleyale. Walimcheka, ila ng'ombe wake hawakurudishwa.

Tabitha akamwambia Stella akubali. Damu yenyewe haikujaza kikombe cha kahawa. Lakini Tabitha alikuwa ameshaongeza ahadi ya kwake, akampigia simu mkwewe Valerian, baba wa mtoto: “Jumapili mtoto anatolewa mipira ya oksijeni. Njooni mwone.”

Jumapili ukoo ukashuka kutoka Uru, umevaa ukavalika. Mtoto alikuwa anapumua vizuri, kusahau kumebaki kwa nadra. Mpira wa oksijeni ulikuwa palepale puani.

“Mama, si ulisema…” Valerian akaanza.

“Nilisema mimi. Daktari hakusema.”

Damu ya pili ilipohitajika, Tabitha aliuliza tu, “Safari hii?”

“Kama ile, labda chini kidogo.”

“Mwekee.”

Mbele ya wakwe Tabitha alishuka thamani, na mpaka leo wanamtania. Mjukuu anapumua. Ndelilio alipata ridhaa bila mabishano, akapoteza mapumziko yake ya mchana, maana Tabitha alimpelekea kina mama wote wa wodi: “Kamuulizeni yule. Akikutajia ndogo, chukua hiyohiyo.”