Daktari wa Moyo Huja Jumamosi

Sijaamini bado, kwa hivyo nitaandika polepole. Kerubo, rafiki yangu na jirani yangu hapa Ikonge, alituacha Jumatatu asubuhi. Tulikuwa darasa moja, kidato cha tatu.

Mnaonijua mnajua siongei sana. Kerubo ndiye aliyeongea kwa niaba yetu wawili. "Wewe maliza kitabu chako," alikuwa akiniambia, "mimi nitawaambia watu umesema nini."

Muhula wa kwanza alianza kuhema tukipanda kutoka kituo cha kuuzia majani chai. Alikuwa anaweka kikapu chini, anajifanya anafunga kamba za viatu. Siku moja nikamwangalia miguuni. Alikuwa amevaa patipati, ndala za mpira.

Muuguzi wa zahanati alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, kisha akamtuma Kisii. Kule hospitali ya serikali wakasema vali moja ya moyo imeharibika, huenda ni kwa sababu ya ugonjwa wa koo aliokuwa akiupata utotoni. Alihitaji daktari bingwa wa moyo, na nafasi ya kwanza ilikuwa baada ya likizo ya Agosti. Aliyewaambia hakuwa mkali. Alisema foleni ni ndefu, na kama wanaweza kumpata bingwa hospitali ya kibinafsi, wasingoje.

Wajomba wakachanga. Ikabaki kupiga simu tu. Mama yake huishiwa na Kiswahili akiongea na watu wa ofisi, kwa hivyo simu ikaletwa kwangu. Eti Kiswahili changu ni cha vitabu.

"Shikamoo," nikasema. "Ningependa kujua daktari bingwa wa maradhi ya moyo hupatikana siku gani."

Mhudumu wa mapokezi akaitikia. "Marahaba. Wewe ni wa Mombasa?"

"Hapana. Ni wa Ikonge."

"Haya, mtu wa Ikonge. Daktari anatoka Nairobi, anakuja Jumamosi peke yake. Nikufanyie booking?"

Kerubo alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua jibu hilo ningelipeleka kwa nani. Baba yake ni mzee wa kanisa letu la Wasabato, na kila mtu humwita Elder. Kwao siku ya Jumamosi majani hayachumwi, na chakula hupikwa Ijumaa kabla jua halijazama.

"Waulize Jumapili," Elder akasema.

Nikauliza. Jumapili daktari huwa amesharudi kwake.

Jumamosi ya kwanza ikapita. Kanisani Elder alisoma matangazo, na tangazo moja akalisoma mara mbili bila kujua.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni kwao. Kerubo humwita baba yake Tata, kama sisi wote huku tunavyowaita baba zetu. Akamwambia, bila hasira, "Tata, huu moyo wangu haukulelewa vizuri. Unafanya kazi hata Sabato."

Mama yake akamwambia aache mzaha. Elder alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini. "Basi tutaupeleka siku hiyo hiyo unayokosea," akasema.

Jumamosi iliyofuata alivaa suti yake ya kanisani, akachukua Biblia, akaenda Kisii na binti yake. Kiti chake cha mbele kilibaki kitupu na kila mtu alikiona. Mzee mmoja akaniuliza, "Elder anaugua?"

"Hapana," nikasema. "Amempeleka Kerubo kwa daktari."

Akatikisa kichwa. Sikujua kama alikuwa anakubali au anakataa.

Kerubo alirudi akiwa amechangamka. "Daktari anaongea polepole kama wewe. Amenionyesha moyo wangu kwenye skrini. Uko busy."

"Na Tata alisema nini?"

"Alimuuliza daktari, 'Na wewe unapumzika siku gani?' Daktari akasema bado anaitafuta."

Alihitaji upasuaji. Akaandikiwa dawa, akatumwa hospitali kubwa ya Nairobi, na tulikuwa tunangoja wampangie siku. Siku hiyo haikuwahi kupangwa.

Sasa nimesoma comments za watu hapa, chini ya tangazo la kifo chake. Wengine wanasema Kerubo angekuwa hai kama si Sabato ya baba yake. Nilikuwepo. Ilipita Jumamosi moja. Daktari mwenyewe alimwambia Elder kwamba vali hiyo iliharibika miaka mingi kabla mtu yeyote hajaisikiliza. Na kama Elder hangeacha kiti chake wazi siku ile, tungekuwa bado tunangoja Agosti iishe, na Kerubo angekufa bila kujua anaugua nini hasa. Tafadhali msimwandikie hivyo. Ana simu, na anasoma kila neno.

Kerubo, tunakuzika Alhamisi. Wamenipa nafasi ya kusema kwa niaba ya marafiki. Nimeandika ukurasa mmoja na nimeufuta mara kadhaa, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unawaambia watu nimesema nini. Safari hii nitasimama niseme mwenyewe. Nikitetemeka, usinicheke.

Lala sasa. Huo moyo wako nao ushike Sabato.